Presha Haikuwa Yetu

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama cha akiba na mikopo cha watu wa matatu mjini Kisumu, mbele ya wenye magari, madereva, makondakta na wachuuzi wa stendi. Maswali ya ukumbini yamefupishwa.)

Mwenyekiti, wanakamati, wenye magari, wazee mlioshika usukani kabla nusu ya ukumbi huu haijazaliwa, akina mama wa stendi, na nyinyi makondakta mliojipanga mlangoni kana kwamba ukumbi unaondoka sasa hivi: oyawore.

Nimepewa nusu saa kabla ya ripoti ya mweka hazina, na najua wengi mmekuja kusikia gawio, si habari za chumvi. Kwa hiyo nitalisema jambo langu mapema, ili hata atakayetoka nje kupokea simu awe amelichukua. Presha hii inayotumaliza haikuletwa na uzee, haikuletwa na ukoo peke yake, na haikutumwa na jirani. Imetokana na tunavyokula, tunavyokaa na tunavyolala, na imetufikia juzi tu. Kwa wengi wetu bado inaweza kuzuiwa, na kwa walio nayo tayari inaweza kushushwa.

Mimi ni tabibu mstaafu. Nimefanya kazi katika hospitali za Nyanza na Magharibi, watu wakiniita daktari mpaka nikachoka kuwasahihisha. Kote huko nimesikia maneno yale yale kutoka kwa jamaa za wagonjwa, yakisemwa kwa Kijaluo, kwa Kiluhya, kwa Kikisii na kwa Kiswahili: "Jana alikuwa mzima kabisa." Mtu ameanguka bafuni, mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki. Hakuwa mzima jana, wala mwaka juzi. Alikuwa na presha miaka mingi na hakuna aliyempima.

Sasa nipeni nafasi ya historia kidogo. Ni historia ya hapa kwetu, na sijui kwa nini haifundishwi shuleni.

Mwaka wa 1929, jarida la madaktari la Uingereza liitwalo Lancet lilichapisha makala ya daktari mmoja, C. P. Donnison. Alikuwa akifanya kazi Kavirondo Kusini, jina la kikoloni la sehemu tunazoziita leo Kisii, Nyamira, Homa Bay na Migori. Alipima presha ya wanaume 1,000, vijana kwa wazee. Kule kwao alizoea kuona kipimo kikipanda kadiri mtu anavyozeeka. Huku alikuta mtu akishapita miaka 40 kipimo hakipandi, bali kinaelekea kushuka. Na katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa katika hospitali yake kwa miaka miwili, hakumkuta hata mmoja mwenye presha ya juu.

Hata mmoja. Leo nikisimama kwenye lango la hospitali yoyote kati ya Kisii na Homa Bay, nitampata kabla chai yangu haijapoa.

Sisemi maisha ya wakati ule yalikuwa matamu. Watu walikufa kwa malaria, kwa kuhara, kwa uzazi, na hakuna hapa anayetaka kurudi huko, hata wale wazee wanaosifu zamani huku wana simu mbili mfukoni. Ninachosema ni kimoja tu: babu za babu zetu, damu hii hii, jua hili hili, walizeeka bila presha. Basi mtu akikwambia kwamba ukifika miaka 50 lazima uwe nayo, mwambie wazee wa Kavirondo Kusini hawakuijua sheria hiyo.

Miongo kadhaa baadaye likatokea jambo la pili, na hili linanivutia zaidi. Kundi la watafiti wa Uingereza na Kenya, akiwemo Neil Poulter, lilikwenda vijijini upande wa kaskazini mwa ziwa, kwa Wajaluo, likawapima watu wakiwa bado nyumbani. Wale waliohamia Nairobi kutafuta kazi wakafuatwa huko huko Nairobi na kupimwa tena na tena, na wenzao waliobaki kijijini nao wakaendelea kupimwa ili pande mbili zilinganishwe. Matokeo yalitoka mwaka wa 1990 katika jarida la BMJ. Presha ya waliohamia mjini ilipanda kuliko ya waliobaki, tena haikungoja miaka kumi: tofauti ilianza kuonekana katika miezi ya mwanzo. Mkojo wao ulikuwa na sodiamu zaidi, yaani walikuwa wanakula chumvi nyingi zaidi, na potasiamu ilikuwa imepungua. Potasiamu ni yale madini tunayoyapata kwenye mboga, ndizi, maharagwe na viazi. Uzito nao uliongezeka, na moyo ukawa unapiga kwa kasi kuliko ulivyopiga nyumbani.

Hawa hawakubadilisha wazazi. Walibadilisha kilichomo kwenye sahani na namna ya kushinda mchana kutwa, basi.

Kwa nini nawaambia nyinyi na si watu wa Nairobi? Kwa sababu wakati ule mtu alilazimika kupanda basi la usiku ili aifuate hali hiyo, na leo imekuja yenyewe. Imeshuka Ahero, imeshuka Luanda, imeshuka Yala, na mara nyingi ilipanda gari zenu. Chipsi, soda na smoki ya kupasuliwa vinapatikana popote gari linaposimama dakika mbili.

Tuanze na chumvi, na hapa nitakaa kidogo.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai. Hicho si kijiko cha kunyunyiza mezani. Ni chumvi yote ya siku nzima, ya mboga, ya mchuzi, ya mkate, pamoja na ile usiyoiona. Sasa tumfuate dereva wa gari la Busia. Saa kumi na mbili asubuhi anakunywa chai kwa chapati mbili, na chapati imekandwa kwa chumvi. Saa nne ni mayai ya kuchemsha pale stendi; yanapasuliwa, kachumbari inaingia, na chumvi inamwagwa juu mpaka yai linameta. Saa saba yuko hotelini: samaki wa kukaanga aliyepakwa chumvi tangu asubuhi ili asiharibike, na mchuzi ulionogeshwa kwa unga wa pakiti. Someni nyuma ya hiyo pakiti. Chumvi mara nyingi imo katika vile vilivyotajwa mwanzoni. Kisha kopo la chumvi lililo mezani linatikiswa juu ya sahani kabla mtu hajaonja. Kabla hajaonja! Nimewatazama kwa miaka, hamwonji. Na jioni nyumbani mama naye anapika, na yeye ana kijiko chake.

Chumvi mwilini huvuta maji. Maji hayo hubaki kwenye damu, damu inakuwa nyingi ndani ya mishipa ile ile, na moyo unalazimika kuisukuma kwa nguvu zaidi. Figo ndizo zenye kazi ya kuitoa ile ziada, na zikisukumwa hivyo miaka na miaka vichujio vyake vinaharibika. Figo zikiharibika, presha nayo inapanda zaidi, na mambo hayo mawili yanaendelea kuchocheana. Mtu anafika hospitalini kusafishwa damu kwa mashine, mara mbili kwa wiki, na anaulizwa ilianza lini. Hajui, maana hakuna siku aliyoumwa.

Najua mtakalosema: daktari, Kisumu ni joto, tunatoka jasho, lazima turudishe chumvi. Hoja hii huletwa sana na vijana wa kupakia mizigo. Jasho linatoa chumvi, kweli, lakini chakula cha kawaida cha hapa kinairudisha na kuipitisha. Mnachokosa ni maji. Na maji hamnywi makusudi, kwa sababu njiani hakuna mahali pa kusimama, au pako na abiria watapiga kelele. Hapo simlaumu dereva. Barabara ina vituo vya mafuta, ina vizuizi vya polisi, ina vibanda vya mahindi, lakini mtu akitaka choo safi ni shida mpaka afike. Kamati ikizungumza na wenye vituo viwili vitatu vya mafuta njiani, itakuwa imeokoa figo nyingi kuliko hotuba yangu.

Akina mama wa mboga, sijawasahau. Osuga, dek, apoth, boo, hizo ndizo mboga ambazo mtu akiondoka kijijini huacha kuzila, na ndizo zenye potasiamu ile niliyoitaja. Mwaka wa 2015 ulifanywa utafiti wa kitaifa kuhusu magonjwa haya, na ulikuta watu wazima 94 kati ya 100 hawali mboga na matunda ya kutosha. Mtu anayetembea soko la Kibuye siku ya Jumapili hawezi kuamini. Lakini nendeni hotelini muone: ugali unajaa sahani, nyama imekaa kando, na mboga ni kijiko kimoja cha kupendezesha. Dereva akiomba nyongeza, anaomba ugali. Ombeni nyongeza ya mboga. Wenye hoteli wataona ajabu siku mbili tatu, halafu watapika nyingi.

Ila kuna mtego humo ndani ya mboga, nao ni magadi. Wengi mnapikia apoth na kunde kwa magadi zilainike haraka, mkidhani kwa kuwa si chumvi ya dukani basi haina neno. Magadi ina sodiamu, ile ile inayotutesa katika chumvi. Bibi zetu walichuja majivu ya maganda ya maharagwe na mabua, na majivu ya mimea kwa kawaida huwa na potasiamu nyingi kuliko sodiamu, kwa hiyo msiniambie ni kitu kimoja. Wala siwatumi mrudi kwenye majivu. Mtu mwenye figo mbovu hata potasiamu humdhuru. Nasema mboga ya kienyeji inalainika kwa moto wa polepole na maziwa kidogo, na hilo mnalijua kuliko mimi.

Soda nitaigusa tu nipite. Chupa ya nusu lita ina zaidi ya vijiko 10 vya sukari. Anayekunywa moja kila tripu ajipigie hesabu mwenyewe.

Jambo la pili ni kiti.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, daktari mmoja wa London, Jerry Morris, aliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya mji huo. Mabasi yale ni ya ghorofa. Dereva amekaa siku nzima, na kondakta anapanda na kushuka ngazi siku nzima akikata tiketi. Ni watu wa mitaa ile ile, wa kampuni ile ile, wanaovuta hewa ile ile ya mji. Mwaka wa 1953 akachapisha alichokikuta: makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na waliopata waliupata wakiwa na umri mkubwa zaidi, tena haukuwaua haraka kama ulivyowaua madereva.

(Hapa makondakta walipiga makofi na miluzi mpaka mwenyekiti akagonga meza.)

Msifurahi sana. Kondakta wa matatu ya abiria 14 hapandi ngazi yoyote. Anafungua mlango, anafunga mlango, anakaa. Watu hapa stendi wanaofanya kazi ya yule kondakta wa London ni mpiga debe, na huyu mama anayekimbia na beseni la ndizi kutoka dirisha hadi dirisha. Nyinyi wengine wote mko upande wa dereva.

Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi au kazi inayofanana na hiyo. Ni nusu saa, siku tano. Mtaniambia hamna nafasi, na mimi nimeona foleni yenu ya kupakia. Gari lililo la nne kwenye foleni lina saa nzima ya kungoja, na saa hiyo huishia kwenye drafti, kwenye simu, na kwenye kiti cha mbele kilichoinamishwa nyuma. Drafti sina ugomvi nayo, hasa mkicheza vizuri, jambo ambalo sijaliona hapa. Chezeni gemu mbili, kisha mtembee mpaka barabara ya Jomo Kenyatta na kurudi. Mtu hahitaji raba za michezo wala kulipia ukumbi wa mazoezi.

Jambo la tatu litaniletea ugomvi na wenye magari, nao wako hapa mbele wamenikazia macho. Ni usingizi.

Sheria ya trafiki ya Kenya hairuhusu dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Sitauliza ni nani anaifuata. Najua hesabu, ile pesa ya kila siku anayodaiwa na mwenye gari, ndiyo inayoamua. Hesabu ikiwa kubwa, dereva anaamka saa tisa usiku kwenda kushika foleni, anarudi nyumbani saa nne usiku, na kati ya hapo kuna saa tano tu. Toa kuoga, toa kula, toa mtoto anayetaka kuonyesha daftari. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Usiku tukilala vizuri presha hushuka kwa saa kadhaa, na huo ndio muda ambao moyo na mishipa hupumzika. Anayelala kwa muda wa saa nne tu kila usiku kwa miaka kumi amenyimwa mapumziko hayo miaka kumi, na ndipo tunashangaa akianguka na miaka 43.

Kuna pia anayelala saa nyingi na haamki mzima. Anakoroma, pumzi inakatika, anashtuka kama aliyekabwa, analala tena. Yeye mwenyewe hajui; shahidi ni mkewe. Huo ni ugonjwa, unapandisha presha, na mchana humfanya asinzie kwenye usukani. Mama aliye na bwana wa namna hiyo amlete kliniki, asione haya, na asingoje bwana akubali kwamba hukoroma, maana hakuna mwanamume aliyewahi kukubali.

Kisha ili asisinzie, anatafuna. Jaba, yaani miraa, kinywaji cha kopo cha kuongeza nguvu, sigara. Sitahubiri, wachungaji mnao. Vyote vitatu huharakisha moyo na kupandisha presha. Na habari njema kuhusu sigara ni hii: aliyeacha, baada ya mwaka mmoja hatari yake ya ugonjwa wa moyo hupungua ikawa karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Pombe ya kila jioni nayo hupandisha presha, iwe ya chupa, ya keg au ile tusiyoitaja mbele ya chifu.

Sasa tufike kwenye kupima, kwa sababu haya yote ni bure kama hujui ulipo.

Presha ya juu haiumi. Watu hungoja kichwa kiume, shingo ikaze, macho yaone nyota, na wengi hawaoni hata kimoja mpaka siku ya kuanguka. Nyinyi mnalielewa hili kuliko darasa lolote la wauguzi: tairi lililojazwa upepo kupita kiasi halilii. Gari linakwenda tu. Utalijua kwa kulipima, au utalijua kwenye mteremko wa Riat. Ule utafiti wa 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja maishani. Katika ukumbi huu, wenye presha na hawajui ni wengi kuliko wanaojua. Angalieni kushoto na kulia.

Kupima kwenyewe kuna adabu yake. Ukae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, bila kukunja nne. Mkono uwe juu ya meza, usawa wa moyo, na kitambaa cha mashine kifungwe kwenye ngozi, si juu ya jaketi. Usiwe umetoka kuvuta sigara au kunywa chai muda huo huo, na kama umebanwa na mkojo nenda kwanza. Kipimo kimoja kikubwa si hukumu. Rudi siku nyingine upimwe tena. Kikiwa 140 kwa 90 au zaidi mara kwa mara, hiyo ni presha ya juu, anza matibabu. Wahudumu wa afya wa jamii, wale wanaopita nyumba kwa nyumba, tangu mwaka wa 2023 walipewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Akibisha mlangoni, usimwambie mtoto aseme baba hayuko.

Nilichukua maswali matatu.

La kwanza lilitoka kwa mzee mmoja aliyekaa pembeni: baba yake alifika miaka 90 akila nyama ya chumvi na kunusa tumbako, presha hana. Nikamwuliza, huyo jaduong' alikuwa akienda shambani kwa nini? Kwa miguu. Alilima kwa nini? Kwa jembe. Alilala saa ngapi? Kuku wakiingia. Soda alikunywa lini? Krismasi. Basi mzee amechukua chumvi ya baba yake akaacha mengine yote. Na hata hivyo, waliokula hivyo wakafa na miaka 50 hawapo hapa kutusimulia.

La pili liliulizwa na kijana, na nilijua litakuja: ni kweli dawa ya presha ukianza huachi? Ni kweli kwa wengi, na sioni ubaya wake. Si kwamba mwili umezoea dawa ukaitaka. Ni kwamba ukiiacha, presha inarudi ilipokuwa. Wapo wanaopunguza uzito, wanapunguza chumvi, wanatembea, mpaka daktari anawapunguzia dawa, na wachache wanaachishwa kabisa. Anayeamua hilo ni daktari akiwa na kipimo mkononi. Wagonjwa wengi niliowaona wamepooza walikuwa wamewahi kupewa dawa, wakazimeza mwezi mmoja, wakajisikia vizuri, wakaacha. Walijisikia vizuri hata kabla ya dawa! Hilo ndilo linalowapoteza. Na tafadhali, msiazimane vidonge. Dawa za presha ni za aina nyingi; iliyomfaa jirani yako inaweza kukuletea kikohozi, au kukushusha presha ukaanguka ukitoka kitandani. Kama dawa inakusumbua, rudi ubadilishiwe.

La tatu lilikuwa la mama wa ndizi kuhusu maji ya ndimu na kitunguu saumu. Kuleni, ni vyakula vizuri, vinaonjesha mboga hata chumvi ikapungua. Kuacha vidonge ukavitegemea hivyo, hapana.

Mwenyekiti, nina hoja, na naomba iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Mfuko wa ustawi wa chama ununue mashine mbili za kupima presha, za kufungwa juu ya kiwiko, moja ikae ofisini hapa Kisumu na nyingine kituo cha upande wa pili. Kila dereva na kondakta apimwe mara moja kwa mwezi, na kipimo kiandikwe kwenye kadi yake mwenyewe. Kisibandikwe ukutani, kisisomwe kwenye kundi la WhatsApp, na mwenye gari asipewe. Madereva hawapimwi kwa sababu wanaogopa kunyang'anywa gari, na kama hofu hiyo haitaondolewa mashine zitaota vumbi.

Na kipengele cha mwisho, kilicho kigumu. Dereva akipimwa, akapumzika, akapimwa tena na kipimo bado ni 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo asishike usukani. Aende hospitali, gari apewe dereva wa akiba, na hesabu ya siku hiyo asidaiwe.

(Mguno kutoka viti vya mbele.)

Nimeusikia mguno. Wenye magari, hesabu ya siku moja mnaijua ni shilingi ngapi. Piga sasa hesabu ya gari lenye abiria 14 ambalo mkono na mguu wa dereva vimekufa ganzi ghafla kwenye kona. Hamtalipa hesabu ya siku moja hapo. Dereva mwenye presha iliyotibiwa ataendesha gari lako miaka 20 zaidi, na anazijua kona zote za barabara yako. Wa kumfundisha upya atakugharimu gia.

Anayeunga mkono aseme, na mwenye gari anayepinga asimame aeleze, nitamjibu. Wakati mnajadiliana, kuna muuguzi pale nyuma na mashine mbili. Wenye zamu ya mchana watangulie, na wakae zile dakika tano kwanza, simu zikiwa mfukoni.